Anayeshtuka na Anayebomoa

Mjukuu wangu Sabina alifeli mtihani wa ulipuaji mwaka jana, na hakufeli kwa ujinga. Alifeli kwa kunyamaza. Mkaguzi alimuuliza swali la kwanza, na kabla mtoto hajafungua mdomo, Shigela, msimamizi wa machimbo, akalijibu. Likaja la pili, Shigela akalijibu. La tatu vilevile. Mwishowe mkaguzi akafunga faili lake akasema, "Huyu Shigela amefaulu vizuri sana. Tatizo ni kwamba siye aliyeomba mtihani."

Machimbo yetu ni ya kokoto, huku nyuma ya Mkolani, ambako mawe yamebebana migongoni kama watoto wanaocheza. Mimi niliponda kokoto hapo kwa nyundo miaka kumi na tisa. Wakati ule hatukuwa na baruti. Tulikoka magogo juu ya jiwe kuanzia alfajiri, mchana tukalimwagia maji, likapasuka kwa hasira, nasi wanawake tukakaa na nyundo zetu kulimalizia. Siku hizi mikono haitaki, kwa hiyo napika. Nina banda la mabati getini, mimi na mwenzangu Moza, tunawauzia wafanyakazi chai, uji na ugali.

Sabina ndiye aliyeingia ndani ya uzio. Alianza kwa koleo, akapanda akawa msaidizi wa mlipuaji. Mlipuaji mwenyewe alipostaafu, kiti kikabaki wazi, na ndipo ukaja mtihani ule wa kunyamaza. Safari hii Shigela alishatamka mbele ya watu: Sabina akifeli tena, analeta mlipuaji kutoka Geita, na binti arudi kwenye koleo. Miaka mitatu yote iende na maji.

Mimi nikasema, haiwezekani. Shule yangu ni darasa la saba, lakini kumfundisha mtu kujibu swali, hilo naliweza. Nimekulia kwenye vitendawili.

Basi Jumapili baada ya kanisa tulikaa uani tunachambua dagaa, Sabina na daftari lake mapajani, Moza amekuja kusalimia akaishia kuchambua pia.

"Bibi," Sabina akaanza, "mkaguzi anapenda kuuliza jinsi baruti zinavyolinganishwa. Kuna vipimo viwili, na watu wanavichanganya."

"Vitaje."

"Kimoja ni wepesi wa kushtuka. Wanachukua chembe ya baruti, kidogo kama chumvi ya kuonja, wanaiweka juu ya chuma, halafu wanaiangushia uzito kutoka juu. Wakiangusha kutoka chini chini, inanyamaza. Wanapandisha kidogo kidogo mpaka ishtuke. Ile inayoshtuka kwa uzito ulioanguka kimo kifupi, hiyo ndiyo ya kuogopa kuishika."

"Na hiyo ndiyo yenye nguvu."

"Hapana, bibi. Hapo hapo ndipo wanapofeli."

Nikaacha dagaa. Nasema kweli, maisha yangu yote nilidhani ni kitu kimoja. Mwenye kelele za haraka, nilijua ndiye mwenye mkono mzito.

"Nguvu ina kipimo chake," akaendelea. "Wanachukua pande la risasi, ile metali laini, lina tundu katikati. Wanatia humo baruti, kila aina kwa uzito uleule ili isiwe uonevu, wanailipua. Tundu linavimba. Kisha wanamimina maji waone limeongezeka kiasi gani. Lililomeza maji mengi, baruti yake ndiyo yenye nguvu."

Hilo nililielewa mara moja. Ukienda sokoni kununua sufuria, usidanganywe na ubavu. Mimina maji.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "mmoja unampima kwa kumchokoza, mwingine unampima kwa shimo aliloliacha."

Sabina akaandika. Moza akasema, "Huyu bibi angesoma, tungekoma."

Nikaona nimpe jaribio. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina watoto wawili. Wa kwanza nikimkonyeza tu, analia, na kilio chake kinaishia uani. Wa pili nimempiga kwa mchi, akageuka ubavu akaendelea kulala. Siku alipolia huyo, majirani walihama."

Sabina akafikiri. Moza akafikiri. Dagaa wakapungua.

"Nipe mji," nikasema.

"Nakupa Sengerema."

"Sengerema kuna shemeji zangu, sitaki kuwatawala, hawatawaliki. Nipe mwingine."

"Bukoba basi."

"Nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimepewa kahawa ya kutafuna, nimerudi. Mtoto wa kwanza ni fataki, kile kimrija chenu kidogo cha kuanzishia. Wa pili ni hiyo baruti yenu ya kisasa, inayofungwa kwenye nailoni kama soseji na ndani iko kama uji wa ulezi."

Sabina akacheka mpaka daftari likaanguka kwenye ungo. "Sawa, ila kilio cha fataki kikiishia uani kinaweza kuondoka na vidole vyako."

"Andika na hilo."

Kutoka hapo tukaharibikiwa. Maana mtu akishapata vipimo viwili mkononi, hawezi kukaa bila kupima. Nikamwambia njia nzuri ya kukariri ni kuwaweka watu anaowajua. Tukaanza na Luhaga, shemeji yangu. Huyo ukizima redio anapiga kelele nyumba nzima, dakika ya pili anauliza kama chai ipo. Wepesi wa kushtuka, juu kabisa. Nguvu, hakuna.

Kisha marehemu mume wangu Maige, ambaye Sabina tangu mdogo anamwita mume wetu, na mimi ananiita mke mwenza. Maige niliishi naye miaka arobaini. Ukimtukana, alisonya. Ukimdhulumu, aliwasha kiko. Alishtuka mara moja tu, ndugu yake alipomnyima njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Alikwenda nyumbani kwa ndugu yake, akang'oa mlango wa mbele pamoja na fremu yake, akaubeba kichwani mpaka kwetu. Ndugu yake alilala wiki nzima na turubai mlangoni.

"Mume wetu alikuwa baruti ya uji," akasema Sabina, akaandika.

"Na Shigela?" akauliza Moza.

"Shigela mwandike taratibu," nikasema. "Wepesi, juu kuliko Luhaga. Nguvu, njiti ya kiberiti iliyolowa."

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Hapo ndipo ningepaswa kumzuia, na sikumzuia, kwa sababu nilikuwa nacheka.

"Na mimi je, mke mwenza?" nikamuuliza.

Akanitazama, akafunga daftari. "Wewe bado natafuta uzito wa kukuangushia."

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Mkaguzi alikuwa mwingine, jina lake Yeremia, mtu wa Ukerewe, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Ofisi ya machimbo ni kontena la chuma, na kufikia saa tatu ndani unaweza kuoka mkate. Akachungulia humo, akarudi nyuma, akaja bandani kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Ahsante. Tutafanyia mtihani hapa kwenye kivuli, kama huna neno." Akaketi, akamwangalia Shigela aliyekuwa amesimama na kikombe chake, akaniangalia na mimi. "Nimesoma faili la mwaka jana. Kwa hiyo leo kuna sharti moja. Mtu yeyote akimjibia huyu binti, swali hilo nampa binti sifuri. Hata bibi."

Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nikashika mwiko, nikageukia sufuria, nikajifunga mdomo kama gunia.

Yeremia akauliza. "Nina baruti mbili. Hii ina nguvu sana, lakini uzito ukiangushwa kutoka kimo kirefu haishtuki. Hii nyingine ina nguvu ndogo, lakini inashtuka kwa kuguswa tu. Unaombwa uzibebe kwenye gari moja mpaka Usagara, barabara mbaya. Ipi inakunyima raha?"

Nikaona Shigela anavuta pumzi ya kujibu, akakumbuka, akaimeza pamoja na chai.

"Inayoshtuka," akasema Sabina. "Barabarani nguvu haiulizwi kwanza. Kinachoulizwa kwanza ni nani ataamka gari likiruka. Na sizibebi pamoja. Nakwenda mara mbili."

"Na ukiwa na jiwe gumu la kupasua?"

"Hapo namwita mwenye nguvu, asiyeshtuka ovyo."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Nilisonga ugali kwa furaha. Yeremia akaandika, kisha akanyoosha mkono. "Naomba daftari lako la mazoezi."

Sabina akampa kabla hajakumbuka. Niliona rangi ikimtoka usoni, nami yangu ikanitoka pia.

Yeremia akafungua, akapitia kurasa za mwanzo, akaitikia. Kisha akafika kwenye ukurasa wenye jedwali. Akavaa miwani vizuri.

"Luhaga," akasoma. "Hii ni baruti ya kiwanda gani?"

"Ni babu, mkaguzi."

"Ni babu." Akafuata mstari kwa kidole. "Maige. Haishtuki. Nguvu, mlango mmoja na fremu. Mlango wa nini?"

"Wa nyumba, mkaguzi."

"Kumbe. Shigela. Wepesi, juu kuliko Luhaga. Nguvu, njiti ya kiberiti iliyolowa."

Shigela akaweka kikombe mezani, chai ikaruka. "Mimi? Mimi ndiye njiti? Nimelowa, mimi?" Akapiga teke ndoo ya maji ya kunawia. Ndoo ikabiringika mpaka getini, ikagonga nguzo, ikasimama wima. Shigela akaitazama, akatutazama sisi, akakaa chini. Akamgeukia Moza. "Sukari ipo?"

Yeremia alikuwa anatazama saa yake. "Sekunde mbili," akasema kwa upole, akaandika pembeni ya ukurasa. "Uharibifu, ndoo moja, haikupasuka." Kisha akaendelea kushuka na kidole. "Hapa chini kuna wa mwisho. Bibi Dorotea."

Mwiko ukasimama mkononi mwangu.

"Wepesi wa kushtuka, mkubwa sana. Nguvu, kubwa sana. Hifadhi: peke yake, pakavu, mbali na shangazi Rebeka."

Rebeka ni binti yangu mkubwa. Ni kweli Krismasi iliyopita hatukuelewana kuhusu nyama. Lakini kuandikwa.

Moza alikuwa amejaza pindo la kanga mdomoni, mabega yanaruka. Shigela aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Sabina alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Wote walikuwa wananisubiri. Nilikuwa na maneno, jamani, nilikuwa nayo mpaka kwenye ulimi. Lakini nikisema, nimeshtuka, na jedwali limekuwa kweli. Isitoshe nani ajuaye, huenda mkaguzi angesema nimejibu. Nikasonga ugali. Niliusonga mpaka ukawa unaweza kujengea msingi, na watu waliokula siku ile mpaka leo wanausema.

"Anajizuia vizuri," akasema Yeremia. "Tuende kwenye shimo."

Sehemu ya pili ya mtihani ilikuwa kazi yenyewe. Tangu asubuhi Sabina na wenzake walikuwa wamepakia matundu kumi na mawili kwenye jiwe kubwa la upande wa mashariki. Baruti imeshuka, fataki zimo, nyaya zimetokeza juu kama masharubu. Kilichobaki ni kuwaondoa watu na kulipua. Nikafuata nyuma na mwiko wangu, hakuna aliyenikataza.

Getini kulikuwa na malori manne ya kwenda Sengerema, madereva wanataka kuvuka daraja la Busisi kabla ya mchana na wanapiga honi. Shigela honi zilikuwa zinamchoma. Na nadhani ile njiti nayo ilikuwa bado inamchoma. Akamwita dereva wa tingatinga.

"Wewe, pita hapa juu, sukuma yale mawe ya pembeni uwapakilie hawa watu. Tutalipua baadaye."

Hapa juu, maana yake ni juu ya jiwe lililopakiwa.

Dereva akasita. Shigela akacheka. "Unaogopa nini? Hii ni ile baruti mpole. Huyu huyu mtaalamu amesema pale bandani, haishtuki ovyo. Si ndiyo, Sabina?"

Sabina akatazama zile nyaya.

Yeremia alikuwa anaangalia ncha ya kalamu yake kana kwamba imeota nywele. Nikaelewa. Huu ndio ulikuwa mtihani, yale ya bandani yalikuwa salamu. Nami moyo ukaniambia, Dorotea, umemponza mtoto. Wewe ndiye uliyemkaririsha mtoto anayepigwa mchi akageuka ubavu. Hukumwambia kitu kingine. Tingatinga likanguruma, likasogea hatua moja, na Sabina amesimama vilevile alivyosimama mwaka jana, mdomo umefungwa, na mimi siruhusiwi.

Kisha akatembea. Alikwenda moja kwa moja mbele ya lile jichuma, akainua mkono.

"Zima."

Dereva akamtazama Shigela.

"Sijakwambia umtazame yeye. Zima."

Likazimwa. Hata honi zikatulia.

"Bosi," akasema Sabina, na sauti yake haikuwa ndogo tena, "ilikuwa mpole ikiwa kwenye boksi, peke yake. Sasa ina fataki tumboni. Ukishaviweka pamoja, huvipimi tena kimoja kimoja. Kushtuka unakupima kwa fataki, na kubomoa unakupima kwa baruti. Tundu hili lina wepesi wa yule na nguvu ya huyu. Hapiti mtu juu yake, hata kuku."

Hilo mimi sikumfundisha. Mimi niliwatenganisha wale watoto wawili, kila mmoja na kilio chake. Sikufikiria kabisa ingekuwaje wakilala kitanda kimoja. Yeye alifikiria.

Shigela akashtuka, kama desturi yake. "Mkubwa hapa ni nani?"

"Wewe. Mpaka tundu la kwanza linapopakiwa. Kuanzia hapo ni mwenye filimbi." Akaitoa filimbi mfukoni, akaivaa shingoni. "Naomba uende nje ya bendera nyekundu, kule barabarani."

Shigela alifungua mdomo. Akamtazama Yeremia apate msaada, Yeremia akafunua ukurasa mpya. Shigela akafunga mdomo, akaenda. Dereva akashuka akamfuata, hata mlango wa tingatinga hakuufunga.

Nikataka kupiga vigelegele. Sabina akageuka.

"Na wewe, bibi."

"Mimi?"

"Nje ya bendera."

"Mke mwenza, haya mawe nimeyavunja kabla mama yako hajaota meno."

"Najua, bibi. Nje ya bendera."

Tangu azaliwe, hakuna siku mtoto huyu aliwahi kuniambia niende mahali. Mimi ndiye ninayemwambia. Nikahisi nataka kushtuka, na nikajua kabisa ni uzito gani umeniangukia na kutoka kimo gani. Akaendelea kunitazama. Hakutabasamu, hakuomba radhi. Jicho lake lilikuwa la mtu aliye kazini.

Nikaenda. Nilikwenda polepole ili ajue nimekwenda kwa hiari yangu, lakini nilikwenda, na mwiko wangu begani, mpaka kwenye karakana ya kuchomelea mageti huko barabarani, ambako bendera nyekundu ya mwisho ilikuwa imechomekwa. Moza alinipisha kwenye benchi na hakusema neno. Mtu mwenye akili, Moza.

Filimbi ikalia mara ya kwanza, watu wakatoka. Ikalia mara ya pili, pakawa kimya. Kisha ardhi ikanisogea chini ya miguu kabla masikio hayajasikia kitu. Nami nilikuwa nangoja mawe yaruke juu kama kuku wanaokimbizwa. Hayakuruka. Jiwe lote lilijiinua kidogo, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi, halafu likakaa chini vipande vipande, saizi ya kubebeka. Ndipo sauti ikaja, mara moja tu, nene, ikaenda mpaka ziwani ikarudi.

"Wabeja, ng'wanawane," nikasema peke yangu. Ahsante, mwanangu. Kisukuma humtoka mtu akiwa hana muda wa kuchagua.

Vumbi likasimama. Tukamwona Sabina anaingia humo peke yake, anapita tundu kwa tundu kuona kama yote kumi na mawili yameitika. Anainama, anatazama, anasogea. Hakuwa na haraka yoyote. Malori yakaanza tena honi, na hakugeuza hata shingo.

Yeremia alikuwa ameegemea boneti ya gari lake, anaandika. Macho yangu hayafiki mbali siku hizi, nikamtuma Moza apite karibu kama anatafuta sandali. Akarudi.

"Ameandika nini?"

"Ameandika amefaulu. Amepiga mstari chini yake."

Nikafuta macho kwa pindo la gauni. Vumbi lilikuwa jingi.

Shigela alikuwa amesimama karibu yangu, mikono nyuma, ananyanyua visigino na kuvishusha. "Bibi," akasema, "huyu mjukuu wako atatuweka hapa mpaka lini?"

"Mpaka apulize."

Akaguna. Tukasimama. Tulisimama wote, mimi, msimamizi, dereva wa tingatinga na madereva wa malori, tunamtazama msichana mmoja anayekagua mawe.

Filimbi ikalia mara ya tatu. Shigela akainua mguu kuvuka mstari wa bendera, halafu akaurudisha chini. Akanigeukia.

"Hiyo ndiyo yenyewe, au kuna nyingine?"

"Ndiyo yenyewe, baba. Nenda tu, umeruhusiwa."